Kore nne bila ratiba

Mpelekee fundi yeyote wa barabara ya Mama Yemo, hapa Lubumbashi, kompyuta inayokwamakwama, na jibu lake utalijua kabla hajafungua mdomo: ongeza. Ongeza kumbukumbu, ongeza prosesa, tafuta yenye kore nyingi zaidi, yaani prosesa kadhaa ndani ya moja. Kwa kazi nyingi jibu hilo halina ubaya. Anayechapa barua ataona nafuu, na anayehariri picha za harusi ataona nafuu zaidi. Mimi nashughulika na kazi ambayo jibu hilo linaweza kukuacha pabaya kuliko ulipokuwa: kuchakata sauti inayokwenda hewani sasa hivi, sauti isiyokubali kuambiwa "ngoja kidogo".

Ninatengeneza mitambo ya redio ndogo za FM. Antena na transmita nawaachia wengine. Kazi yangu ni lile boksi linalokaa kati ya miksa na transmita. Linapokea sauti ya mtangazaji na muziki, linasawazisha, linabana vilele, linaunda stereo, linapachika jina la redio lisomeke kwenye kioo cha redio ya gari, kisha linatoa wimbi moja lililo tayari kurushwa. Zamani boksi hilo lilikuwa la chuma, zito, linatoka ng'ambo, na bei yake haikuwa ya redio ya mtaa. Leo unaweza kulijenga juu ya Raspberry Pi 4, kompyuta ya bodi moja iliyotoka mwaka 2019 ikiwa na kore nne za Cortex-A72 za gigahezi 1.5. Nguvu ya kuzidisha na kujumlisha inatosha na kubaki. Kinachosumbua ni nani afanye nini, wapi, na baada ya nani.

Stereo ya FM ni ujanja wa zamani, na bado unanifurahisha. Jumla ya kushoto na kulia inakaa chini, hadi kilohezi 15. Kwenye kilohezi 19 kuna toni ndogo ya kuongoza. Tofauti ya kushoto na kulia inapandishwa juu ya kilohezi 38, ikienea kutoka 23 hadi 53. Juu zaidi, kwenye 57, inakaa data ya RDS, ile inayoandika jina la redio. Ukitaka kuunda haya yote kwa namba, sampuli (vipimo vya wimbi) 48,000 kwa sekunde hazitoshi, kwa hiyo tunapanda hadi 192,000. Sasa kadi ya sauti ikiomba kipande cha sampuli 1,024, una milisekunde 5.33 za kukijaza. Ukichelewa hakuna anayekusubiri: transmita inarusha pengo, na msikilizaji wa Katuba anasikia "tk" katikati ya wimbo. Hapo wastani wa kasi hauna maana. Ukiwahi mara 999 ukachelewa mara ya 1,000, redio yako inakwaruza kila baada ya sekunde tano na kidogo, na mwenye redio hatakusifu kwa zile 999.

Kuna redio moja ya hapa mjini iliyohama kutoka kompyuta ya zamani ya kore mbili kwenda mpya ya kore nne, programu zilezile, mipangilio ileile. Mkwaruzo ukaongezeka. Kijana anayesimamia mitambo yao alinipigia akiwa amechanganyikiwa: "Yaya, tumenunua yenye nguvu mara mbili, na sasa inakwama kuliko ile ya kwanza. Inawezekanaje?"

Inawezekana, na ilithibitishwa kwa penseli kabla yeye na mimi hatujazaliwa. Mwaka 1966 Ronald Graham, mwanahisabati wa Bell Labs huko Marekani, alionyesha kwamba ukiwa na kazi zinazotegemeana, kuongeza prosesa kunaweza kurefusha muda wa kumaliza. Mfano wake unaingia kwenye kipande cha karatasi, na nimewafanyia vijana wengi mezani hadi sasa nauchora nikiwa nimefumba macho. Chukua kazi tisa. Muda wake, kwa kufuata namba, ni 3, 2, 2, 2, 4, 4, 4, 4 na 9. Kazi ya 9, ile ndefu, haianzi mpaka ya 1 iishe. Kazi za 5, 6, 7 na 8 zote zinasubiri ya 4. Kanuni inaonekana ya haki kabisa: prosesa ikiwa huru, inachukua kazi ya kwanza kwenye orodha ambayo iko tayari.

Weka prosesa tatu. Zinaanza na kazi za 1, 2 na 3. Dakika ya 2 moja inachukua ya 4, nyingine inakosa cha kufanya na kukaa. Dakika ya 3 kazi ya 1 imeisha, na zile fupi nne bado zimefungwa nyuma ya kazi ya 4, kwa hiyo ile ndefu inapata nafasi mara moja na kumalizika dakika ya 12. Zile fupi zinagawanywa kwa prosesa mbili zilizobaki na kuisha nazo dakika ya 12. Safi.

Sasa ongeza ya nne. Kazi ya 4 inaanza tangu mwanzo, inaisha dakika ya 2, na papo hapo tatu kati ya zile fupi zinachukua prosesa tatu. Dakika ya 3 prosesa iliyokuwa na kazi ya 1 inakuwa huru, inatazama orodha, inakuta kazi ya 8 mbele ya ya 9, inaichukua. Ile ndefu inasubiri hadi dakika ya 6. Inamalizika dakika ya 15. Umelipia prosesa ya nne na umechelewa kwa dakika tatu. Graham hakuishia hapo: rudi kwenye prosesa tatu, punguza muda wa kila kazi kwa moja, yaani nunua prosesa zenye kasi zaidi, na kazi inaisha dakika ya 13 badala ya 12. Hakuna prosesa iliyozembea hata mara moja. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ulikuwa wa busara.

Ninachopenda zaidi katika mfano huu ni kile ambacho watu hawakitazami baada ya kushangaa. Kazi ya 1 na ya 9 zinafuatana: 3 na 9 ni 12. Hata ukileta prosesa mia moja, huwezi kumaliza kabla ya dakika ya 12, na tatu tayari zilikuwa zimefika hapo. Prosesa ya nne haikuwa na kitu cha kukupa tangu mwanzo. Ilichoweza kukufanyia ni kuvuruga tu.

Mfumo wa kawaida wa kompyuta hupanga kazi kwa namna hiyohiyo, papo kwa papo, kama polisi wa rulaji, yule wa kuongoza magari, pale Carrefour saa kumi na moja jioni: anatazama aliye mbele yake, anaruhusu, anasimamisha, na hana habari kwamba lori refu lililofungiwa nyuma ndilo litakaloziba njia baadaye. Ubaya wa redio ile haukuwa nakala kamili ya mfano wa Graham. Nilipopima, nilikuta mambo mawili zaidi yamechangia: programu zilikuwa zinahamishwahamishwa kutoka kore moja hadi nyingine, kila uhamisho ukiacha nyuma kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kore, na kore zilikuwa zinapunguza kasi zenyewe kila zinapoona zimepumzika kidogo. Lakini mzizi ni uleule. Maamuzi yote yalikuwa yanafanywa wakati sauti tayari iko njiani.

Kazi za ishara, yaani za kuchakata mawimbi kama sauti, zina heri moja ambayo kazi za ofisini hazina: zinajulikana mapema. Kichujio chenye vipengele 64 kinazidisha mara 64 kwa kila sampuli, iwe rumba, iwe mahubiri, iwe tangazo la saruji. Kwa hiyo unaweza kukaa mchana kweupe, kabla ya kuwasha kitu chochote, ukaandika ratiba nzima. Walioliweka wazo hili katika hisabati safi ni Edward Lee na David Messerschmitt wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala zao za mwaka 1987. Chora grafu, walisema. Kila nodi ni kazi moja, na kila mshale ni foleni ya data. Kila nodi itangaze namba mbili tu: kila ikitenda, inakula sampuli ngapi na inatoa ngapi. Kisha andika mlinganyo kwa kila mshale: kinachoingia lazima kilingane na kinachotoka baada ya mzunguko mzima. Milinganyo ikiwa na jibu, unajua kila nodi itende mara ngapi kwa mzunguko mmoja. Kisha pitia mzunguko huo kwenye karatasi: usipokwama mahali popote, unajua pia kwamba bafa, yaani nafasi za kumbukumbu za foleni hizo, hazitafurika milele. Milinganyo isipokuwa na jibu, grafu yako ni mbovu, na umeligundua hilo juu ya karatasi, msikilizaji hajasikia kitu.

Jaribu kwa boksi langu. Muziki mwingi unakuja kwa 44,100 kwa sekunde, na mimi nachakata kwa 48,000. Uwiano wa namba hizo mbili, ukiufupisha, ni 147 kwa 160. Kutoka 48,000 hadi 192,000 ni rahisi, mara nne. RDS ndiyo inayotia chumvi: biti zake zinatoka kwa kasi ya 1,187.5 kwa sekunde, yaani kilohezi 57 zikigawanywa kwa 48. Kila biti ingechukua sampuli 161 na vipande, jambo ambalo mshale hauwezi kubeba. Lakini biti 19 zinachukua sampuli 3,072 kamili. Unganisha mahitaji yote na mzunguko mmoja wa redio nzima unakuwa milisekunde 80: sampuli 3,528 zinaingia, 3,840 zinachakatwa katikati, 15,360 zinatoka, pamoja na biti 95 za RDS. Baada ya hapo kila kitu kinarudi mwanzo, sawasawa, bila mabaki. Na 15,360 ni vipande 15 vya 1,024, ukubwa uleule ambao kadi ya sauti inaomba. Kwa hiyo ratiba yangu ina hatua 15 ndogo. Katika kila hatua nachakata sampuli 256 za kati, na kigeuza kasi kinakula 235 katika hatua 12 na 236 katika hatua 3.

Mtindo huo wa nodi inayobadilisha namba zake kwa mzunguko unaojulikana ulielezwa vizuri na watafiti wa Leuven, Ubelgiji, mwaka 1996. Bila huo ningelazimika kukusanya milisekunde 80 nzima kabla ya kutoa sauti. Mtangazaji anayejisikiliza kwenye hedifoni kutoka hewani angeanza kujikwaa ulimi. Mtu akisikia sauti yake imechelewa, hasa ikikaribia milisekunde 200, hata msemaji hodari anagugumia, na wetu wana maneno mengi ya kusema kwa dakika.

Sehemu ngumu ilikuwa kujua nini kisiingie kwenye ratiba. RDS hufunga biti zake kwa makundi ya 104. Ukiiweka nodi ya kutengeneza makundi ndani ya grafu, milinganyo inakubali, ila 104 na 95 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, na mzunguko wako unavimba kutoka milisekunde 80 hadi sekunde 8.32. Hesabu ni sahihi na ratiba haifai kitu. Nodi hiyo nimeitoa nje. Inafanya kazi zake kwa raha kwenye kore nyingine, inajaza bafa ya makundi kadhaa mapema, na ratiba kuu inachota biti tu. Vitabu vinatumia kurasa nyingi kueleza jinsi ya kupanga kilichomo ndani ya grafu. Ningependa vitumie nyingi zaidi kueleza mpaka wa grafu upite wapi, maana hapo ndipo mafundi wengi wanapozama.

Kumbukumbu nayo inategemea mpangilio, hata prosesa ikiwa moja. Mfano maarufu ni huohuo wa kugeuza 44,100 kuwa 48,000, ukivunjwa katika nodi sita mfululizo. Kwa mzunguko mmoja nodi hizo zinatenda mara 147, 147, 98, 28, 32 na 160. Ukiziendesha moja baada ya nyingine, ya kwanza mara zote 147, kisha ya pili mara zote, hadi mwisho, bafa zote pamoja zinahitaji nafasi 1,021. Ukipanga vitanzi ndani ya vitanzi kwa akili, kila nodi ikiandikwa mara moja tu kwenye programu, nafasi zinashuka hadi 264. Kazi ni ileile na matokeo ni yaleyale. Kwa simu ya leo tofauti hiyo ni vumbi. Kwa TMS32010 ya Texas Instruments, prosesa ya ishara ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliyokuwa na maneno 144 tu ya RAM ndani yake, ilikuwa sababu ya watu kukosa usingizi. Siku hizi inarudi kwa mlango mwingine: bafa ndogo inakaa ndani ya kache, kubwa inatupwa nje, na kore nne za Pi zinagombania kache moja ya megabaiti 1 na njia moja ya kwenda kwenye kumbukumbu.

Halafu kuna kitu ambacho huwezi kukigawa hata ukilia. Kibana vilele kinapima sauti iliyotoka na kurekebisha sauti inayofuata, kwa hiyo sampuli ya sasa inahitaji jibu la sampuli iliyotangulia. Hicho ni kitanzi. Mwaka 1981 Markku Renfors na Yrjö Neuvo wa Finland walionyesha kikomo chake: jumlisha muda wa kazi zilizo ndani ya kitanzi, gawanya kwa idadi ya ucheleweshaji uliomo, na hapo chini huwezi kushuka kwa prosesa zozote zile. Kushoto na kulia vinaweza kwenda sambamba kwenye vichujio, lakini kibana kinataka kuviona vyote viwili, ama sivyo mwimbaji anayumba kutoka spika moja hadi nyingine kila ngoma inapopigwa. Kwa hiyo njia mbili zinakutana, moja inamsubiri mwenzake, na ndoto ya "kore mbili, kasi mara mbili" inaishia pale. Mtu akikuuzia bodi kwa kuhesabu kore, muulize vitanzi vyako vina urefu gani. Atakutazama vibaya, lakini swali ni halali.

Kuhamisha data kati ya prosesa nako kuna bei. Waliounda prosesa za ishara walilijua hili mapema. TMS320C40 ilitoka na milango sita ya kuongea na jirani zake moja kwa moja, na SHARC ya kwanza ya Analog Devices nayo ikaja na milango sita. Milango hiyo iliwekwa kwa sababu prosesa mbili zinazosubiriana kwenye njia moja si prosesa mbili. Programu ya kupanga ratiba isiyohesabu safari za data itakupa ratiba nzuri ya karatasi. Gilbert Sih na Edward Lee walichapisha mwaka 1993 mbinu inayopima yote mawili kwa pamoja: kazi hii imebakiza njia ndefu kiasi gani mbele yake, na ikiwekwa kwenye prosesa hii, data yake itafika saa ngapi. Sehemu ya kwanza ya wazo hilo, kuipa kipaumbele kazi yenye njia ndefu zaidi mbele yake, ina mizizi hadi kwa T. C. Hu mwaka 1961. Rudi kwenye kazi tisa za Graham, tumia kipaumbele hicho kwa prosesa nne, na ile kazi ndefu inaanza dakika ya 3. Yote yanaisha dakika ya 12. Kichaa kimepona.

Simaanishi kwamba mbinu hii ni dawa ya kila kitu. Kupata ratiba bora kabisa kwa grafu yoyote ni tatizo ambalo hakuna anayejua njia ya haraka ya kulitatua. Grafu ikikua kidogo, kujaribu mipangilio yote kungechukua muda kuliko umri wa redio yenyewe. Programu zote za kupanga ratiba zinakisia kwa busara. Faida yetu ni kwamba tunakisia mara moja, mchana, tukiwa na muda wa kupima na kukataa.

Lee na mwenzake Soonhoi Ha, katika makala ya mwaka 1989, waligawa njia za kupanga katika ngazi nne. Juu kabisa kila kitu kinaamuliwa papo kwa papo. Chini kabisa kila kitu kimeandikwa, hata saa ya kuanza kwa kila kazi. Katikati kuna ile ninayoitumia mimi: unaandika mapema nani afanye nini na kwa utaratibu gani, lakini saa ya kuanza inaamuliwa na data yenyewe. Ikifika, unaanza. Isipofika, unasubiri, na huruki zamu ya mtu. Nimeichagua kwa sababu moja tu. Utaratibu ukiwa umefungwa hivyo, kazi yoyote ikiwahi kumaliza, hakuna nyingine itakayochelewa kwa sababu hiyo. Lile jini la Graham halina mlango wa kuingilia.

Kwenye Linux hili si gumu, ila linataka ukaidi. Ninazuia kore mbili zisiguswe na mfumo kwa kutumia amri ya isolcpus tangu kompyuta inapowaka. Kila moja naipa uzi mmoja tu (mfululizo mmoja wa kazi za programu) wenye kipaumbele cha SCHED_FIFO, kisichoondolewa na kazi za kawaida, na uzi huo unazunguka kwenye orodha niliyoandika, hatua 15, bila kumuuliza mtu. Kuna SCHED_DEADLINE pia, inayopanga kazi kwa muda wake wa mwisho, iliyoingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) 3.14 mwaka 2014, na tangu kerneli 6.12 ya mwaka 2024 sehemu ya PREEMPT_RT, ya kuifanya Linux iitikie kwa wakati, iliyokuwa ikibandikwa kando kwa miaka mingi imo ndani ya kerneli kuu. Ni habari njema. Lakini hizo zote ni njia za kumfanya polisi awe mwepesi, nami kwa kore hizo mbili sihitaji polisi. GNU Radio, programu ya kujengea redio kwenye kompyuta, ambayo naipenda kwa majaribio, inampa kila bloki uzi wake na kuuachia mfumo upange. Kwa kujifunza ni nzuri mno, ila hewani ningefikiri mara mbili.

Kinachobaki ni kupima muda wa kila kazi, na hapo Lubumbashi ina maoni yake. Pima mwezi wa sita, asubuhi ya baridi, na namba zitakupendeza. Pima mwezi wa kumi, kabla ya mvua, boksi likiwa chumba cha mabati bila feni, na Pi inafika nyuzi 80 na kuanza kujipunguzia kasi yenyewe. Umeme nao: volti ikishuka chini ya 4.63 bodi inapunguza kasi vilevile, na wakati wa delestaji, yaani mgao wa umeme, betri ya invata ikikaribia kwisha, volti hushuka kweli. Ratiba iliyojengwa juu ya namba za asubuhi ya baridi itavunjika alasiri ya joto, na fundi atalaumu programu. Mimi nafunga kasi kwenye kiwango cha chini ambacho bodi inaweza kukishikilia siku mbaya kuliko zote, napima hapo, na kujenga ratiba juu ya muda mrefu kabisa niliouona pamoja na akiba. Vijana wananiambia ninapoteza nguvu. Ndiyo, ninaipoteza kwa makusudi.

Kwenye redio ya yule kijana tumegawa hivi: kore mbili za njia ya sauti, ya tatu kwa RDS, ya nne kwa Linux na mambo yake. Juzi aliniomba niongeze mkondo wa intaneti, maana kuna wasikilizaji wao walioko Ndola na Brussels. Kibana-data cha mkondo huo kinatumia muda usiotabirika, leo kidogo kesho kingi kutegemea wimbo, kwa hiyo nimekiweka kwenye kore ya Linux na bafa ya sekunde kadhaa, mbali na ile orodha ya hatua 15. Pesa iliyobaki tumenunulia feni, betri mpya na adapta nzito ya volti 5.1.